Mpaka, kwa Kibarnsley

Mwalimu Mhina alituchorea mstari wa chaki
kutoka dirishani hadi mlangoni.
While, alisema, ni mambo mawili sambamba:
mama akipika, mtoto akilia,
hakuna anayemngoja mwenzake.
Until ni ukuta. Jambo linafika hapo, linakoma.
Nikaandika. Nikapata tisa kwa kumi,
ile moja iliondoka na herufi h niliyoisahau.

Miaka ishirini na mbili baadaye, Barnsley,
manyunyu yasiyonyesha wala kukatika,
msimamizi ananipa ratiba:
"Tisa while tano, mpenzi."
Huku kila mtu ni mpenzi, hata mkata tiketi.
Nikasimama na koti mkononi nikipiga hesabu.
Tisa yao ni tatu yangu, hilo nimezoea,
zile saa sita za tofauti nazibeba kichwani
kama ndoo, na hazimwagiki.
Lakini tisa huku tano? Tisa ikiwa tano?
Saa gani hiyo yenye nyuso mbili?

Zbigniew wa jikoni alicheka hadi akaweka kisu chini.
Hapa while ni mpaka, akasema,
usikiulize kitabu, muulize muuza samaki.
Kweli, mlangoni kwa muuza samaki karatasi inasema
amefunga while Jumanne,
na mimi Jumatatu nzima nilidhani yumo ndani
anafanya jambo la pili.

Chumba namba kumi na nne ni cha Bi Edna Micklethwaite,
aliyefunga chupa kwa karatasi miaka thelathini na moja
na bado vidole vyake vinaizungusha shuka
kana kwamba ina shingo.
Usiku mmoja wa Novemba akanishika kiganja:
"Simama nami while nilale."
Simama, kwao, ni kaa. Hilo nililijua.
Lile la pili nililijua pia, wallahi, mchana.
Usiku, miguu ikiwaka moto, nilirudi kwenye chaki ya Mhina:
yeye akilala, mimi nikikaa,
sambamba.

Zamu yangu iliisha saa nne. Nikakaa.
Basi la mwisho likapita na taa zake za rangi ya chai.
Nikakaa. Bomba la joto lilikohoa ukutani,
yeye akataja majina ya watu na bei ya makaa ya mawe,
nami kitini, plastiki ikinigandia mapajani,
nikilinda usingizi ambao hakuna aliyekuja kuuiba.

Saa kumi na mbili akafumbua jicho moja.
"We! Bado upo?"
Si ulisema while ulale?
"Nililala saa nne na robo, mtoto wewe!"
Akacheka, akakohoa, akaomba maji.
Halafu akaniangalia muda mrefu
na hakusema kitu chochote kuhusu neno lile.

Nisiwacheke sana. Sisi nasi tuna mpaka
ambao ni wakati, na tuna mpaka
wenye afisa, kioo na muhuri,
na hatujawahi kuona haja ya kuvitenganisha.
Mama akipiga simu kutoka Korogwe huniuliza nitakaa huko mpaka lini,
nami husikia maswali mawili,
hujibu moja, lile jepesi,
kisha nasingizia mtandao.

Sasa Bi Edna ananipangia.
Nikishazima taa kubwa husema, Simama nami while nilale,
na kabla sijavuta kiti huongeza:
"Ya kwetu."
Basi namsubiri apumue kwa kina, nawahi basi la saa nne na nusu.
Lakini ziko siku, si nyingi,
upepo ukiwa mbaya, au bila sababu,
ananiona nimeshavaa koti, mkono uko kwenye kitasa,
anageukia ukuta na kusema,
"Ya kwenu, leo,"

nami nafungua vifungo kimoja kimoja.